Kula Kihindi au Kichina Kisumu siku ya bathdei bila kumaliza mshahara

Dada yangu alipokaribia kutimiza miaka 30 alitangaza mapema: hataki nyama choma, hataki samaki wa kukaanga, hataki keki sebuleni na soda ya lita mbili. Anataka kwenda kula chakula cha Kihindi, mahali penye vitambaa vya meza. Tulikuwa watu 14, na kazi ya kutafuta mahali nikabwagiwa mimi. Bili ilipokuja usiku ule niliisoma mara mbili, kisha nikaifunika na kile kibakuli cha bizari tamu wanachokuletea ukimaliza kula. Nilimalizia kulipa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa.

Kesho yake, nilipotulia, niliona kwamba hoteli haikutuibia. Sisi ndio tuliagiza vibaya. Watu 14, sahani 14 za kuku, bakuli 14 za wali, kila mmoja analinda yake, na karibu nusu ya chakula ikarudi jikoni. Na sisi ni watu wa ziwa! Tukienda Dunga tunachagua ngege (tilapia) wakubwa wawili, wanawekwa katikati pamoja na ugali, mikono inakutana hapo. Hakuna anayeagiza samaki wake peke yake kama yuko hospitali. Chakula cha Kihindi na cha Kichina kimepikwa kwa mpango huohuo, cha kuwekwa katikati. Ukikiagiza kama samaki wa Dunga, mfuko unapumua. Ukikiagiza kama chipsi kuku, unaumia.

Tangu hapo nimepanga dina za namna hii mara kadhaa, za ndugu na za wenzangu kazini, na utaratibu ninaoufuata ndio huu. Majina ya hoteli sitayataja. Mpishi akihamia Eldoret, hoteli hubaki na kibao chake kilekile na chakula kingine kabisa, kwa hiyo ni heri nikufundishe kutafuta.

Kwanza, jua mji una nini

Kisumu si Nairobi. Ukitaka sushi, au nyama ya Kikorea unayojichomea mezani, panda gari uende Nairobi, ndiko kwenye chaguo nyingi. Usipoteze wiki mbili ukizunguka hapa. Ambacho mji huu unacho kwa wingi ni chakula cha Kihindi, na kina sababu ya kuwa kizuri.

Reli ilifika hapa 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, wengi wao kutoka Punjab, na karibu 6,700 walibaki baada ya kazi kuisha. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara, wengi Wagujarati, wakafungua maduka kuanzia mjini hadi kwenye mashamba ya miwa ya Miwani na Muhoroni. Hii si hadithi ya kupamba tu, inakusaidia kusoma menyu. Upande wa Punjab ndio uliotuletea naan, kuku wa tandoori, michuzi mizito ya siagi na krimu, na dengu nyeusi zinazochemka saa nyingi. Upande wa Gujarat ni mboga kwa wingi, utamu kidogo ndani ya mchuzi, bajia, na sinia moja yenye vibakuli vingi inayoitwa thali. Hoteli nyingi za mjini zinaegemea Punjab. Mahali pa mboga tupu mara nyingi panaegemea Gujarat, na hapo ndipo bei huwa chini zaidi, maana hakuna nyama.

Wachina ni wa pili. Katikati ya Wahindi na Wachina kuna kundi la tatu ambalo watu hawalitambui: Uchina wa Kihindi. Ukiona kwenye menyu kuku wa Manchurian au paneer (jibini ya Kihindi) ya pilipili, ujue hicho si chakula cha China. Huyo Manchurian anasemekana kutungwa Mumbai mwaka 1975 na Nelson Wang, mpishi wa asili ya Kichina aliyezaliwa Kolkata, aliyechukua kitunguu saumu, tangawizi na pilipili za Kihindi akavitia kwenye sosi ya soya. Kwa bathdei ya watu mchanganyiko ni chakula kizuri sana. Wanaoogopa bizari hukipenda, na hoteli nyingi za Kihindi hukipika bila wewe kwenda kwa Wachina.

Na usiogope menyu. Nusu yake unaijua tangu utotoni: chapati, biriani, sambusa, bajia, pilau, achari, masala. Hata lile jiko la tandoor ni ndugu wa tanuri letu, neno ni lilelile, lilipita njia tofauti tu.

Pili, hesabu vichwa na midomo

Kabla ya kutafuta mahali, andika wanaokuja na wasichokula. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu usiku.

Kwetu Nyanza anza na Wasabato. Kwao Sabato inaingia Ijumaa jua likizama, na Kisumu jua huzama karibu saa moja kasorobo. Ukiweka dina Ijumaa usiku, shangazi hatakuja, na atakuwa na haki. Weka Jumamosi kuanzia saa moja na nusu, jua limeshazama. Nguruwe hawamgusi, na wengi wao pia kamba na kaa, jambo linalogusa zaidi menyu ya Kichina. Kama kuna Waislamu, uliza wazi kama nyama ni halali, usikisie kwa kuangalia jina la hoteli. Katika Ramadhani hoteli za halali hujaa wakati wa kufuturu, kwa hiyo fika mapema kabisa au usubiri hadi saa mbili na nusu.

Halafu kuna karanga na korosho. Michuzi mingi laini ya Kihindi, hasa ile myeupe inayoitwa korma, hutiwa korosho zilizosagwa, nawe hutaziona wala kuzitafuna. Mtu ambaye korosho humvimbisha koo lazima umtaje kwenye simu na umtaje tena mezani. Hapa sina mzaha.

Wazee na watoto ni rahisi kuliko unavyodhani. Watoto hupewa naan tupu na kuku wa siagi, wanakula kimya. Nyanya yetu alishika roti ya tandoori, akaigeuza, akauliza, "Chapati gani hii isiyojua mafuta?" Lakini aliimaliza, akaongeza ya pili kwa dengu. Mjomba ndiye aliyetushinda. Saa tatu usiku, biriani iko mbele yake, akamwita weita amuulize kama kuna kuon. Hakukuwa na ugali. Kama una mjomba wa aina hiyo, mpe uji mzito au kitu chochote kabla hamjatoka nyumbani.

Tatu, kutafuta mahali

Ramani ya simu ni mwanzo mzuri, lakini isome kwa jicho la pili. Usiangalie nyota, angalia picha za menyu ambazo wateja wamepiga, na uangalie tarehe ya picha. Menyu ya miaka mitatu iliyopita ni kumbukumbu tu. Zipigie hoteli tatu au nne, uombe menyu ya sasa kwa WhatsApp. Hoteli inayokutumia picha safi ndani ya saa moja itakuhudumia vizuri. Inayokuambia "njoo tu mkubwa, bei ni za kawaida" haijui bei zake, au inazijua sana.

Njia bora kuliko simu ni kuuliza wenyewe. Tembea Barabara ya Oginga Odinga na vichochoro vyake, ingia duka la vitambaa au la vifaa vya ujenzi, nunua hata misumari ya shilingi mia, kisha muulize mwenye duka: "Jumapili jioni familia inakula wapi?" Mara mbili nimejibiwa jina ambalo sikuwahi kuliona mtandaoni. Mara moja nilijibiwa, "Nyumbani, kwani wewe mke wako hapiki?" Hilo nalo ni jibu. Kwa Wachina fanya hivyohivyo: ukiona wahandisi wa barabara wenyewe wanakula hapo mchana, ingia. Baadhi ya hoteli hizo zina menyu mbili, ya kawaida na nyingine ya Kichina yenye picha. Omba zote mbili.

Usisahau maduka ya vitamu ya Kihindi. Si mahali pa kukaa watu 14, lakini bajia, sambusa za mboga, kachori na jalebi za moto hupatikana hapo kwa bei ya chini kabisa, na baadaye nitakuonyesha kazi yake.

Ukitaka kuonja chakula cha Kipunjabi kabla hujatumia shilingi, nenda gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga. Masingasinga hupika chakula cha mboga kinachoitwa langar na kumpa mtu yeyote bure, wa dini yoyote. Funika kichwa, vua viatu, kaa chini na wenzako, na usibakishe chakula kwenye sahani. Si mahali pa bathdei, na usiende kwa ujanja wa kukwepa gharama. Nenda kwa heshima, utatoka ukijua dengu nzuri ina ladha gani, na hakuna hoteli itakayokudanganya tena.

Ukishabakiwa na hoteli mbili, zijaribu mchana wa siku ya kazi. Wewe na mtu mmoja, mchuzi mmoja, dengu moja, naan mbili. Vitu vitatu vinanitosha kuamua. Cha kwanza ni dengu: ni chakula rahisi, na mpishi asiyejali huonekana hapo kwanza. Ikiwa ya majimaji na chumvi tupu, ondoka. Cha pili ni choo. Cha tatu ni naan, na hii omba uione ikipikwa kama jiko liko mahali pa kuonekana. Mpishi huutandaza unga kwa viganja, anauweka juu ya mto mdogo wa kitambaa, anazamisha mkono ndani ya shimo la tanuri na kuupiga unga ukutani. Paa! Haufiki dakika mbili unafura mapovu meusi, naye anaung'oa kwa vyuma viwili, kimoja chenye ndoana na kingine bapa. Naan ya hivyo ikifika mezani bado inapumua. Ikiletwa baridi na ngumu ujue ilitoka kwenye friji, na kwa bei ile ni afadhali ukale chapati za mama wa Kibuye.

Nne, simu moja yenye maswali ya kuudhi

Piga simu saa tisa au saa kumi alasiri, wakati watu wa mchana wameondoka na wa jioni hawajafika. Omba kuongea na meneja, si aliyeokota simu. Jitambulishe kwa heshima, sema ni watu wangapi na siku gani, kisha uliza bila aibu.

Swali la kwanza: bei za menyu zimejumlisha kodi, au kodi inakuja juu? VAT ni asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 kwenye chakula cha hotelini. Hoteli nyingi huvijumlisha, lakini nyingine huandika kwa herufi za sisimizi chini ya ukurasa kwamba bei ni kabla ya kodi. Chakula cha shilingi 10,000 hapo kinakuwa 11,800 kabla hujatia neno. Uliza pia kama kuna malipo ya huduma. Yakiwa asilimia 10, ongeza 1,000 nyingine. Hilo la huduma likishawekwa kwenye bili, huna deni la bakshishi kubwa, ingawa weita aliyewabeba usiku kucha si vibaya kumwachia kitu mkononi.

Swali la pili ni keki. Ninyi mnaruhusiwa kuja na yenu? Kuna ada ya kuikata? Kuna hoteli moja ilitutoza pesa kwa kutuazima kisu na sahani ndogo, jambo ambalo hakuna aliyelitaja hadi bili ilipokuja. Kama hoteli ni ya mboga tupu, uliza kuhusu mayai. Wahindu na Wajaini wengi hawali mayai, na mahali pao keki ya kawaida haiingii mlangoni. Mwambie mwokaji wako akufanyie isiyo na mayai. Waokaji wa mjini wanaijua, maana wateja wao Wahindi huiagiza kila siku.

Uliza kama kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa kundi, kama malipo ya awali yanahitajika, na kama mkichelewa meza itashikwa hadi saa ngapi. Uliza jenereta. Stima hapa inajua kupotea keki ikiwa na mishumaa juu, ambayo ina uzuri wake, lakini si kwa saa mbili. Mkitaka kukaa nje, uliza kuhusu taa na wadudu: kuna majira ambayo visubi vya ziwani huja kama moshi, huzunguka taa na kuangukia sahani. Miezi ya Aprili na Mei mvua ya jioni haiulizi ruhusa, kwa hiyo hakikisha mna nafasi ndani.

Kama siku yenyewe iko Oktoba au Novemba, uliza pia kama wamefungua. Diwali huangukia hapo, na baadhi ya wenye hoteli hufunga au huwa na sherehe zao.

Mwisho, omba akuandikie mliyokubaliana kwenye WhatsApp. Meneja aliyesema "hakuna shida" Jumanne anaweza kuwa na likizo Jumamosi.

Tano, kuagiza, ambako ndiko pesa iliko

Hapa usiharakishe. Kaa na menyu nyumbani siku mbili kabla na upange meza nzima wewe mwenyewe. Ukiwaachia watu 12 menyu mkononi usiku wa sherehe, kila mtu ataagiza kitu kimoja kilekile, kuku wa siagi, na utakuwa na sahani 12 za mchuzi mwekundu.

Tuchukue mfano wa watu 12. Bei hizi ni za mfano tu, weka zile za menyu uliyoitumiwa. Tuseme mchuzi wa kuku ni 900, wali 300, naan 100 na soda 120. Kila mtu akijiagizia chake, ni 1,420 kwa kichwa, jumla 17,040.

Sasa agiza kwa kuweka katikati. Kuku mitindo mitatu tofauti, 2,700. Mbuzi mmoja, 1,000. Paneer, ile jibini ya Kihindi isiyoyeyuka, 750. Dengu 550. Bamia au viazi vya bizari 500. Biriani mbili za 850, jumla 1,700. Wali mweupe mara mbili, 600. Naan 14, 1,400. Soda 12, 1,440. Yote pamoja ni 10,640, yaani kama 890 kwa kichwa. Umeokoa shilingi 6,400, na kila mtu ameonja vitu saba na biriani badala ya kimoja.

Kanuni ninayoifuata kwa Kihindi: michuzi iwe kama nusu ya watu, au moja zaidi. Wali uwe mchache, kwa sababu naan na biriani zinashiba. Kwa Kichina sahani huwa nyepesi zaidi, kwa hiyo nenda karibu na idadi ya watu ukitoa moja au mbili: watu 8, sahani 6 au 7, pamoja na wali wa kukaanga na tambi. Anza na kiasi hicho na umwambie weita wazi, "Tutaongeza tukihitaji." Kuongeza naan ni dakika tano. Kurudisha mchuzi haiwezekani.

Mboga usizidharau. Watu wetu wakisikia dengu wanafikiria bweni la shule. Dengu nyeusi ya Kipunjabi ikipikwa vizuri ndiyo bakuli la kwanza kuisha mezani, na ni ya bei ya chini. Weka sahani mbili za mboga kwa kila tatu za nyama na hakuna atakayelalamika.

Vitafunio vya mwanzo ndipo hoteli inapopata faida, nawe unapopotelea. Watu wamefika na njaa, mgeni wa mwisho bado yuko Kondele kwenye foleni, weita anauliza, "Niwaletee za kuanzia?" na mtu mmoja mkarimu kwa pesa za wengine anasema lete. Pia vile vipapadi vyembamba vinavyowekwa mezani bila kuombwa: uliza kama ni bure kabla hujavunja cha kwanza. Dawa yake ni yale maduka ya vitamu. Mchana wa siku hiyo nunua sambusa na bajia, mkutane kwanza nyumbani kwa mtu mmoja saa kumi na mbili jioni, mle kidogo na chai, kisha mwende hotelini pamoja. Mtafika kwa wakati, mna furaha, na njaa imetulia.

Kwa Wachina usikose tambi. Kwao mwenye bathdei hupewa tambi ndefu, na urefu wake ni dua ya maisha marefu, kwa hiyo hazikatwi, zinavutwa. Mwambie meneja mapema kwamba kuna bathdei na mngependa sahani hiyo. Kumwona mtu mzima wa miaka 40 akivuta tambi moja hadi mwisho huku mezani watu wanapiga makofi kunashinda keki nyingi nilizowahi kuchangia. Mkiagiza samaki mzima wa sosi tamu, uliza ametoka wapi. Tilapia wa barafu kutoka China wamejaa sokoni miaka mingi sasa, na itakuwa kichekesho kumla wa huko ukiwa unaliona ziwa dirishani. Ngege wa hapa akipatikana, akakaangwa hadi ngozi ikakauka kisha akamwagiwa sosi ya tangawizi, hata wavuvi wa Dunga wangenyamaza.

Pilipili: sema "kidogo" kwa meza nzima na uombe pilipili ya pembeni kwa wanaojidai. Vinywaji navyo hula pesa kimyakimya. Maji ya chupa kubwa na jagi mbili za lassi, yale maziwa ya mtindi yaliyotiwa chumvi au embe, hutosha kuliko soda za mtu mmoja mmoja, na hupoza mdomo kuliko maji.

Sita, mchango

Pesa ikusanywe kabla, si mezani. Chukua jumla yako, ongeza kodi na huduma kama ziko, ongeza asilimia 10 ya dharura, toa mwenye bathdei, gawanya. Tuma kiasi kwenye kundi pamoja na tarehe ya mwisho, siku tatu kabla. Asiyetuma hadi siku hiyo mpigie simu kwa upole, labda mambo ni magumu na hataki kusema mbele ya watu. Kuna njia nyingi za kumkaribisha bila kumwaibisha, ikiwemo kumwambia ushalipiwa.

Malipo ya awali yatume kwenye Till ya hoteli, yaani namba yake ya malipo ya M-Pesa, na jina litakalotokea kwenye simu lilingane na la hoteli. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, hata kama ni ya meneja, kataa kistaarabu. Kwa Till wewe hukatwi ada. Kwa Paybill unaweza kukatwa, angalia. Bili ikija, mtu mmoja tu alipe, na aisome mstari kwa mstari akilinganisha na mlivyoagiza. Naan ndizo huongezeka zenyewe. Mwambie weita akuonyeshe pasipoeleweka, bila kelele. Mara nyingi ni kosa la kuandika, na husahihishwa hapohapo.

Saba, usiku wenyewe

Mtu mmoja afike nusu saa kabla akaangalie meza. Omba meza moja ndefu kama mko hadi watu 8. Mkizidi hapo omba mbili za pembeni kwa pembeni na uagize kila sahani mbili ndogo, moja kwa kila meza, la sivyo upande wa mbali utakula hadithi ya mbuzi tu.

Kuhusu maji. Nyote mnajua desturi yetu: mwenye bathdei humwagiwa maji, ndoo nzima kama ni mtu wa chuo. Hotelini usithubutu. Nimeona meza nzima ikifukuzwa, sakafu ya vigae imekuwa ziwa, na mama mmoja wa meza jirani akiwa ameloa sari ya hariri. Mkilazimika, mwagieni nyumbani kabla ya kuvaa, au langoni mkirudi.

Keki ikatwe kabla ya vitamu vingine na mapema, si saa nne watu wameshalegea. Au iacheni kabisa: sinia la jalebi na barfi kutoka duka la vitamu, mshumaa mmoja katikati, hugharimu kidogo na huendana na chakula. Kama mtaingia nalo hotelini, litaje kwenye ile simu, sawa na keki.

Mpango wa kurudi uwe umepangwa. Tuktuk za usiku zipo mjini, lakini bei ya saa nne si ya saa kumi na mbili, na kwenda Mamboleo au Riat ni heri kuelewana na dereva mmoja mapema awasubiri.

Kilichobaki kifungwe. Uliza bei ya makontena kwanza, au njoo na vyako kwenye begi, hakuna anayekucheka. Wali na biriani viingie friji usiku huohuo, usiviache mezani hadi asubuhi kwa joto la Kisumu. Naan ipashe kwenye kikaango kikavu, ukiinyunyizia maji kidogo, igeuze mara moja tu. Dengu nyeusi hunoga zaidi siku ya pili. Dada yangu aliimaliza peke yake Jumapili saa nne asubuhi, amesimama mbele ya friji, bado amevaa ile kofia ya karatasi.